Chupa Imefika Kabla ya Daktari

Tuanze na hesabu. Ngamia mzima ana uzito wa kilo 400 hadi 600. Oksitetrasaiklini, ile dawa ya sindano ambayo wafugaji wengi huitaja kwa herufi tatu tu, OTC, kwa kawaida hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama. Ngamia wa kilo 500 anahitaji mililita 50. Chupa ya mililita 100 basi inatosha ngamia wawili. Sasa mfikirie mfugaji aliye nje ya Garissa, kwenye njia ya kwenda Wajir, mwenye ngamia sita wanaokohoa, pesa za chupa moja mfukoni, na daktari wa mifugo yuko mwendo wa siku nzima. Atafanya nini? Atawagawia wote sita, kila mmoja kidogo, kwa kuwa moyo haumruhusu kuchagua yupi apone na yupi aachwe.

Hakuna mwenye haki ya kumcheka mfugaji huyo. Lakini ndani ya ngamia wale sita kuna jambo limeanza, na linamhusu yeye, mkewe, watoto wake, na mteja anayekunywa maziwa yake mtaani Eastleigh, Nairobi.

Mnyama aliyepewa theluthi ya kipimo huenda akapata nafuu siku mbili tatu. Bakteria dhaifu wamekufa. Wale waliokuwa na uwezo wa kuistahimili dawa wamebaki, na sasa hawana wa kugombania naye chakula wala nafasi. Bakteria wa aina nyingi, wakipata joto na chakula, huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo aliyesalia alfajiri ana kizazi kikubwa kabla ya adhuhuri. Hata kipimo kamili huacha wachache walio sugu, ndiyo maana dawa hizi zinatakiwa kutumika pale tu zinapohitajika. Kipimo pungufu kinaharakisha mambo. Isitoshe, dawa haiendi kwa wale bakteria wa ugonjwa peke yao. Inapita tumboni pia, kwa mabilioni kwa mabilioni ya bakteria wasio na hatia, na huko nako inawapalilia walio sugu.

Halafu lipo jambo ambalo wengi hawajalisikia. Bakteria hupeana vinasaba. Bakteria wa tumboni asiyemdhuru mtu yeyote anaweza kumpa jirani yake, wa ukoo mwingine kabisa, kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya kuishinda dawa. Kwa ngamia wa eneo hili jambo hilo si nadharia. Mwaka 2013, jarida la Veterinary Research lilichapisha uchunguzi wa bakteria aitwaye Streptococcus agalactiae kutoka kwa ngamia wa Kenya na Somalia. Huyu huleta majipu, vidonda vilivyooza na ugonjwa wa kiwele. Watafiti walikuta kwamba baadhi yao wamepata jeni iitwayo tetM, inayowakinga dhidi ya tetrasaiklini, na kwamba jeni hiyo imekaa kwenye kipande kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Tetrasaiklini ndiyo familia ya OTC. Dawa inayonunuliwa kuliko nyingine katika maduka ya dawa za mifugo ndiyo hiyo bakteria wa ngamia wameanza kuizoea.

Msikilizaji atauliza: na mtu anaingiaje hapo?

Anaingia kupitia brusela, ugonjwa unaofahamika sana katika nyanda za Garissa, Wajir na Mandera. Ngamia, mbuzi na ng'ombe wenye brusela huharibu mimba. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kumzalisha mnyama mikono mitupu. Hupatwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, mgongo unauma, na mtu mzima mwenye nguvu anabaki kukaa kivulini miezi kadhaa bila kuweza kazi. Matibabu ambayo Shirika la Afya Duniani linayapendekeza ni doksisaiklini kwa wiki 6, pamoja na sindano za streptomaisini kwa wiki mbili au tatu, au badala yake rifampisini kwa wiki zote 6.

Tazama majina hayo. Doksisaiklini ni ndugu wa OTC, familia moja ya tetrasaiklini. Streptomaisini, au ndugu yake wa karibu kabisa, ni nusu ya ile sindano ya mifugo iitwayo penstrep, na nusu ya pili ni penisilini, ambayo nayo ni dawa ya watu. Mfugaji na mwanawe wanateka kisima kimoja na wanyama wao, na anayekichafua upande huu anamchafulia wa upande ule. Bahati njema ni kwamba bakteria wa brusela mwenyewe hadi leo bado anatibika kwa dawa hizi sehemu nyingi duniani. Lakini wapo bakteria wengine wanaoishi tumboni mwa mtu na mnyama, wale wa kuharisha, wa njia ya mkojo, wa kidonda na wa damu, nao wamesonga mbele.

Kukisia hakuko zizini tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wagonjwa wenye homa katika hospitali za magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha haraka cha brusela kilichokuwa kikitumika huko kilimwambia karibu mgonjwa mmoja kati ya watano kwamba ana brusela. Vipimo vya uhakika zaidi vilithibitisha wachache mno. Maana yake ni kwamba watu wengi waliandikiwa wiki za antibiotiki kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao, huku homa yao ya kweli ikiendelea bila jina. Mfugaji akilaumiwa kwa kudunga kwa kukisia, basi na kliniki inayotibu kwa kipimo kibovu ilaumiwe vivyo hivyo.

Mazungumzo ya usugu wa dawa kwa wanyama wa nyumbani, yanapofanywa Ulaya au Marekani, huwa ni juu ya mbwa anayelala kwenye kochi na paka anayelishwa mezani. Huko nako mambo si mepesi. Kati ya mwaka 2016 na 2018, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichunguza mkurupuko wa ugonjwa wa kuharisha uliowapata watu 118 katika majimbo 18. Chanzo kilikuwa watoto wa mbwa waliouzwa madukani, na bakteria aliyehusika, Campylobacter, alikuwa sugu kwa dawa nyingi za kawaida. Wachunguzi walipopekua kumbukumbu za watoto wa mbwa 149, walikuta 142 wamepewa antibiotiki angalau mara moja, na zaidi ya nusu ya hao walipewa kama kinga tu, wakiwa wazima. Katika nchi yenye madaktari wa mifugo wengi, dawa iligeuzwa kuwa sehemu ya biashara.

Garissa si hivyo. Katika familia nyingi za Kiislamu za mji huo mbwa hafugwi ndani ya nyumba, na paka huja na kuondoka apendavyo. Mnyama aliye karibu na mtu ni mbuzi. Usiku wana-mbuzi hulala hatua chache kutoka kitandani, na wadogo kabisa wakati wa baridi au mvua huingizwa ndani ya kibanda. Mtoto wa miaka minne huwachunga, huwabeba kifuani, na mikono ile ile ndiyo inayoingia kwenye sahani ya chakula. Punda anayebeba maji kutoka Mto Tana na ngamia anayekamwa alfajiri nao wako humo humo. Ukaribu anaokuwa nao mzungu na mbwa wake, familia ya mfugaji inao na wanyama hamsini.

Hata hivyo mbwa wa kaskazini wana ushahidi wao. Mwaka 2012, katika jarida la Antimicrobial Agents and Chemotherapy, watafiti walieleza walichokikuta kwa mbwa wa wafugaji wanaohamahama kaskazini mwa Kenya. Katika matumbo ya mbwa hao mlikuwa na bakteria wa E. coli walio sugu kwa sefalosporini na kwinoloni, dawa ambazo hospitali huzitegemea kutibu maambukizi makali. Miongoni mwao alikuwemo hata ST131, ukoo wa E. coli uliosambaa duniani kote na unaojulikana kwa maambukizi ya njia ya mkojo na ya damu.

Hapo pana la kutafakari. Ni vigumu kuamini kwamba mbwa wa manyatani, anayekula mabaki na kulinda zizi, aliwahi kudungwa sefalosporini na mtu yeyote. Njia inayoelekea zaidi ni kwamba bakteria hao walitoka kwa watu, kupitia vinyesi, maji na mabaki ya chakula, wakaingia kwa mbwa, naye akawa anawatunza na kuwatembeza kutoka kambi hadi kambi. Kwa hiyo mnyama huambukizwa usugu na mtu, kama vile mtu anavyoambukizwa na mnyama. Anayesema "tatizo ni mifugo" amesema nusu ya habari.

Watafiti wa Kenya wamelisisitiza hilo kwa miaka mingi. Profesa Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, na wenzake walifuatilia bakteria sugu wa Salmonella waliokuwa wakiwaingia watoto kwenye damu. Walikwenda hadi majumbani mwa wagonjwa, wakachukua sampuli za wanyama na za ndugu wa wagonjwa. Bakteria wa wanyama hawakufanana sana na wa mtoto mgonjwa. Wa ndugu zake ndio waliofanana. Vilevile utafiti mkubwa uliofanyika Nairobi katika kaya 99, uliohusisha Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, na kuchapishwa mwaka 2022, ulisoma vinasaba vya E. coli zaidi ya 1,300 na kuona kwamba kushirikiana kwa bakteria kati ya watu na mifugo kupo lakini si kwa wingi uliodhaniwa, na kunapotokea, mara nyingi ni ndani ya kaya ile ile.

Matokeo hayo yasimfanye mtu apumue na kulala. Nairobi ni jiji ambalo kaya nyingi zina mabomba, vyoo na kuta kati ya banda na jiko. Katika kambi ya wafugaji, lambo moja hunywesha ngamia asubuhi na kujaza madumu ya familia mchana. Kaya ya mfugaji haina ukuta wa kuwatenga watu na mifugo.

Gharama ya usugu huonekana hospitalini. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa hospitali ya wilaya. Waligundua kwamba angalau asilimia 26 ya vifo vya watoto hospitalini hapo vilihusiana na bakteria kwenye damu. Ni vingi kuliko vilivyohusiana na malaria hospitalini humo. Waligundua kwa sababu walikuwa na maabara ya kuotesha damu, kitu ambacho hospitali nyingi za vijijini hazikuwa nacho. Mtoto mwenye bakteria kwenye damu akifikishwa hospitali ya rufaa ya Garissa kutoka Hulugho au Liboi, baada ya saa nyingi barabarani, daktari ana nafasi ya dawa moja au mbili. Ikiwa ya kwanza haifanyi kazi, huenda asipate muda wa kujaribu ya pili. Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 yalisema watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Basi kwa nini chupa imefika kabla ya daktari?

Sehemu ya jibu iko kwenye historia. Miaka ya nyuma, huduma za mifugo nchini Kenya zilikuwa kazi ya serikali, na kila daktari wa mifugo aliyehitimu aliajiriwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya mageuzi ya kiuchumi, ajira hiyo ya moja kwa moja ilikoma na huduma zikaachiwa sekta binafsi. Daktari binafsi hufuata pesa, na pesa ilikuwa kwa ng'ombe wa maziwa wa Kiambu na Nyeri. Hakuna aliyekuja kaskazini kufungua kliniki Modogashe. Kilichokuja ni dawa. Dawa ni nyepesi, haihitaji mshahara wala nyumba, inasafiri juu ya lori la mchele. Tangu mwaka 2013 huduma hizi ziko mikononi mwa serikali za kaunti, lakini madaktari ni wachache na eneo ni kubwa mno. Kutoka Garissa mjini hadi Mandera ni zaidi ya kilomita 600.

Chupa nayo husafiri katika hali mbaya. Lebo nyingi za OTC husema itunzwe mahali penye ubaridi, chini ya nyuzi joto 25 au 30, mbali na mwanga. Garissa hufikia nyuzi 35 na zaidi kwa miezi mingi, na chupa imepangwa mezani sokoni, jua limeielekea. Mfugaji hununua akiamini anapata nguvu yote iliyoandikwa. Huenda akapata pungufu, kisha anaigawa pungufu tena.

Ukame umezidisha shida. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika maeneo kame ya Kenya. Waliobaki walikuwa wamedhoofu, rahisi kuugua, na wenye mifugo wamebaki bila akiba. Mtu aliyepoteza mbuzi mia moja hatakubali kumpoteza wa mwisho bila kumdunga chochote kilicho mkononi.

Na kilicho mkononi mara nyingi si dawa ya ugonjwa wenyewe. Ngamia anayekonda kwa surra ana vimelea wanaoletwa na nzi wanaouma. Hao si bakteria, na OTC haiwagusi. Mbuzi mwenye sotoka ya mbuzi ana virusi. Mwisho wa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ililipuka na Garissa ndipo ilipogunduliwa kwanza. Kondoo na mbuzi waliharibu mimba kwa makundi, soko la mifugo la Garissa likafungwa, na kufikia mwaka 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa nchini. Huo nao ni ugonjwa wa virusi, unaoenezwa na mbu na kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa. Antibiotiki yoyote iliyodungwa kwa ajili yake ilikuwa hasara tupu kwa mfugaji na mafunzo ya bure kwa bakteria wengine.

Hapa ndipo inapofaa kukumbuka ushindi ambao eneo hili lilichangia. Sotoka ya ng'ombe, ugonjwa uliomaliza makundi Afrika nzima miaka ya 1890, ilijificha mara ya mwisho katika nyanda za Wasomali, kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini mashariki mwa Kenya. Mara ya mwisho kuthibitishwa duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa imeitokomeza. Haikutokomezwa kwa sindano za antibiotiki, maana ni virusi. Ilitokomezwa kwa chanjo, hasa ile iliyostahimili joto iliyotengenezwa na Jeffrey Mariner na wenzake, iliyoweza kukaa wiki kadhaa bila barafu, na kwa vijana wa jamii za wafugaji waliofundishwa kuchanja wenyewe. Wafugaji walipoletewa kitu kinachofaa, pamoja na mafunzo, walifanya kazi ambayo maprofesa wa Ulaya hawakuweza kuifanya peke yao.

Chanjo za homa ya mapafu ya mbuzi na sotoka ya mbuzi zinatengenezwa Kenya, na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI. Kila mbuzi aliyechanjwa asiugue mapafu ni chupa ya antibiotiki ambayo haikununuliwa. Kaunti zikitaka kupunguza usugu kwa gharama ndogo, zianzie hapo, na zianze kabla ya msimu wa magonjwa, si baada ya simu za vilio kuanza kuingia.

Turudi kwenye maziwa, kwa kuwa ndiyo yanayomfikia hata asiyefuga. Mnyama aliyedungwa hubaki na dawa mwilini, na lebo huandika siku za kungoja kabla ya maziwa yake kunywewa, na wiki za kungoja kabla ya nyama yake kuliwa. Kwa mfugaji ambaye maziwa ya leo ndiyo chakula cha leo, kuyamwaga siku saba ni amri ngumu. Kinachowezekana ni kumwekea alama ngamia aliyetibiwa, maziwa yake apewe ndama wake, na yasichanganywe kwenye dumu linalopelekwa sokoni. Dumu moja hukusanya maziwa ya wafugaji wengi, na mmoja asiyesema kitu huwanywesha dawa mamia ya watu.

Kuchemsha nako kuna utata. Kwa wengi wa Garissa maziwa ya ngamia hunywewa mabichi, au yakiwa yamegandishwa kwenye chombo kilichofukizwa moshi, na huaminika kwamba moto huyaondolea nguvu. Imani hiyo ina mizizi mirefu na haitaondoka kwa kutukanwa. Lakini chai ya maziwa ya ngamia huchemshwa kila asubuhi katika nyumba nyingi, na hakuna anayelalamika. Mtoto mdogo, mama mjamzito na mgonjwa wanaweza kuanza na hayo yaliyochemka. Moto huua brusela na bakteria sugu pia. Mabaki ya dawa hauyamalizi yote, ndiyo sababu kuchemsha hakumpi mfugaji ruhusa ya kuuza maziwa ya mnyama aliyedungwa jana.

Kanuni na mipango ipo. Kenya ilipitisha sera ya kitaifa ya usugu wa dawa mwaka 2017, pamoja na mpango wa utekelezaji, na sasa inaendesha mpango wa pili wa mwaka 2023 hadi 2027. Ipo Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, iliyoundwa kwa kanuni za mwaka 2015, na ipo Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Septemba 2024, mjini New York, mataifa yaliahidi kupunguza vifo vya bakteria sugu kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Garissa yenyewe ina maabara ya kanda ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, jambo ambalo miji mingi haina. Pengo liko kati ya karatasi hizo na mtu anayesimama kaunta ya duka la dawa za mifugo akisema, "Nipe ya kukohoa." Muuzaji asiye na mafunzo atampa inayouzika. Mwenye mafunzo atauliza: wangapi, tangu lini, wanakula, wana uzito gani, nani mwingine amekwisha kuwadunga?

Maswali hayo matano hayahitaji mashine wala umeme. Yanahitaji muuzaji aliyefundishwa na mkaguzi anayepita. Kuwafungia maduka wote wasio na leseni leo hii kungekuwa kosa, kwa sababu mfugaji angebaki bila chochote na biashara ingehamia vichakani, kwenye dawa za magendo zinazovuka mpaka bila lebo. Kuwafundisha na kuwasajili ni njia ndefu, lakini ndiyo njia.

Yapo mambo madogo ya nyumbani pia. Ile tabia ya kufungua kidonge cha tetrasaiklini cha mtu na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda cha punda, inayofahamika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, iachwe. Kidonda kioshwe kwa maji safi ya chumvi. Chupa ya mifugo isitumike kumdunga mtu, hata akiwa na homa kali na hospitali iko mbali. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumzalisha mnyama, na kondo la nyuma lizikwe, lisiachiwe mbwa wala watoto. Maimamu wanaosikilizwa kila Ijumaa wangeweza kuyasema haya kwa dakika tano kwenye khutba, na yangefika mahali ambapo barua ya wizara haifiki.

Kwa wajumbe wa mabunge ya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ombi ni hili. Bajeti ijayo itenge fedha za kuajiri madaktari na wasaidizi wa mifugo wa kutosha, wapewe pikipiki na mafuta, na maabara ya Garissa ipewe vifaa vya kupima ni dawa gani bado inafanya kazi kwa ngamia na mbuzi wa eneo hili. Bila vipimo vya aina hiyo, kila sindano ni ya kukisia, iwe ya zizini au ya hospitalini.

Na kwako mfugaji unayesikiliza ukiwa malishoni: ikiwa una mnyama mgonjwa leo, piga simu ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako kabla ya kwenda dukani. Eleza unachokiona. Ukiambiwa ni virusi au ni surra, weka pesa yako ya OTC mfukoni. Ukiambiwa ni bakteria, uliza kipimo kwa uzito wake, dunga kipimo kizima kwa siku zote ulizoambiwa, mwekee alama, na umweleze anayekamua jioni kwamba maziwa ya huyo hayaendi sokoni.